Kofia ya Baba na Picha ya Korongo

Jumanne, 3 Februari

Vipindi vitano leo. Kidato cha Pili nawafundisha kompyuta kwa chaki, maana zinazowaka ni tatu tu. Saa tisa wakatawanyika. Nikawasha jenereta nje, nikafunga mlango wa maabara, nikatundika shuka. Ni mashuka manne meupe, fundi wa Katesh kayaunganisha, yanafunika ukuta mzima. Projekta ikapata moto. Mlima kwenye picha bado unaogelea.

Naandika ili nisichanganyikiwe. Nikikaa bila kutikisika, picha iko sawa: boma la baba mbele, kaburi la mama nyuma ya boma, korongo linashuka kutoka mlima Hanang na kukata kona nyuma ya vyote viwili. Nikisogeza kichwa, rimoti ya mchezo iliyo mezani inaona taa mbili ndogo nilizofunga kwenye kofia yangu, kompyuta inachora upya, na mlima mzima unalala upande kama mlevi. Haitakiwi. Mlima unatakiwa usimame, nitembee mimi.

Wiki tatu nimekwama hapohapo. Masika yanakuja. Baba hataki kuhama wala hataki kaburi lihamishwe mpaka aone kwa jicho lake kwamba maji yatapita pale. Basi aone. Nitamwonyesha hata kama nitakesha na hili dude.

Jumamosi, 7 Februari

Nyumbani. Saa nzima kwa mguu kutoka shuleni Endasak. Mwalimu Sulle wa jiografia alinisindikiza na kamba na pima maji. Anajua kuwa siwezi kumlipa. Amekula makande ya Veronika, mke wa kaka yangu, akasema deni limekwisha.

Tumerudia vipimo vyote. Majibu ni yaleyale: kona ya korongo iko juu ya kaburi la mama kwa mita mbili na nusu. Lakini simama pale uwanjani uangalie! Utaapa kaburi ndilo liko juu. Mteremko wote umelala upande, jicho linadanganyika. Mimi mwenyewe nimezaliwa pale, na hadi mwaka jana niliamini tumekaa kilimani.

Mwaka jana korongo lilikula hatua kumi na tisa. Kutoka kona hadi kaburi zimebaki ishirini na sita.

Nilimwambia baba. Akatikisa kichwa. Maji hayapandi, Fabi binti yangu, akasema, akaenda kukamua.

Alikuwa amevaa kofia yake ya pama. Aliinunua alipokuwa anaendesha mashine ya kuvuna kwenye mashamba ya ngano kule Basotu. Mashamba yalipobinafsishwa alirudi nyumbani na kofia hiyo na koti. Haivui ila kanisani na kitandani, ndivyo anavyosema mwenyewe.

Alhamisi, 12 Februari

Nimepata! Nimepata, nimepata. Nimeruka peke yangu maabara hadi mlinzi akachungulia.

Kosa lilikuwa langu la kijinga. Nilikuwa naigeuza picha ifuate kichwa. Lakini shuka haligeuki. Shuka ni dirisha lililokaa ukutani, anayehama ni mtu. Ukisimama kushoto ya dirisha, ukingo wa kushoto uko karibu na wa kulia uko mbali, na dirisha linabaki palepale. Kwa hiyo nisipime kichwa kimegeukia wapi. Nipime jicho liko wapi, na kutoka hapo hadi kingo nne za shuka, kila ukingo kwa umbali wake. Picha inakuwa imepindika ukiiangalia kutoka kwingine. Kwa jicho lile moja imenyooka.

Halafu lilikuwepo kosa la pili. Nilikuwa nimeiambia kompyuta shuka lina upana wa mita tatu. Nimelipima tena baada ya fundi kukunja pindo: mbili na sentimita themanini na sita. Sentimita kumi na nne ndizo zilizobaki zikiutikisa mlima.

Leo nimetembea kutoka ukuta hadi ukuta, na Hanang imetulia. Nimevaa ile miwani ya karatasi, kioo kimoja chekundu na kingine buluu, kila jicho likapata picha yake. Korongo likafunguka ndani ya ukuta. Nilinyoosha mkono kugusa kaburi la mama. Nikagusa shuka. Nimelia kidogo, sijui ni furaha au ni nini.

Jumapili, 15 Februari

Baba alikuja baada ya misa. Nikampa miwani ya karatasi. Akavaa, akaangalia, akaniuliza kwa upole kwa nini mlima wote ni mwekundu.

Jamani. Baba yangu ana jicho moja! Dume la ng'ombe lilimtoboa la kulia mimi nikiwa darasa la tatu. Nilikuwepo. Nilimshikia beseni. Halafu leo, mtu mzima na stashahada yangu, namtengenezea picha ya macho mawili. Nilitamani ardhi ipasuke.

Nikaizima picha ya pili. Nikahamisha taa kwenye kofia yake. Nikapima kutoka ukingo wa kofia hadi jicho la kushoto: sentimita tisa kwenda chini. Nikaiandikia kompyuta. Nikamwambia, Baba, tembeza kichwa.

Sikuwa na haja ya kumfundisha. Ndivyo anavyoishi. Akitaka kumimina chai huyumbisha kichwa kwanza, kushoto, kulia, ndipo ajue kikombe kiko wapi. Akafanya vilevile mbele ya shuka. Vya karibu vikahama haraka, vya mbali polepole, na yeye akaona. Aliona kuliko mimi niliyevaa miwani. Akainuka, akasimama, akainama, akachungulia nyuma ya boma lake mwenyewe.

Akarudi kitini. Kisha akasema, kumbe mama yako yuko chini.

Amekubali. Lakini kufukua kaburi si neno lake peke yake. Lazima Babu Bura, baba yake mdogo, aite wazee wa ukoo. Padri naye amesema ukoo ukikubali atakuja kuomba na mama atapumzishwa kwenye makaburi ya kanisani. Babu Bura ametupa Jumamosi ya tarehe saba Machi. Mbali mno.

Jumatano ya Majivu, 25 Februari

Mvua ya kwanza, ya kulaza vumbi tu. Nimetoka kanisani na majivu usoni, nikapitia kwa Emanueli kaka yangu. Amenuna. Ameshachoma tanuri la matofali na anataka kujenga palepale nyuma ya boma. Ananiita mhandisi. Si kwa heshima.

Tatizo langu jingine: picha ni ya kofia moja. Anayeivaa ndiye anayeona sawa. Waliokaa karibu naye wanaona karibu na sawa, wa pembeni wanaona nyumba zimeinama. Nilitaka Babu Bura ndiye avae. Nilimpelekea salamu, akajibu havai kofia ya mtu mwingine, ana yake. Basi atavaa baba, wazee wakae nyuma yake wamebanana.

Mwalimu Sulle kaniuliza kama nimefikiria kila kitu. Nimemjibu ndiyo. Kila kitu!

Jumamosi, 7 Machi

Nimeharibu. Niandike hilo kwanza.

Wazee kumi na mmoja ndani ya maabara. Makoti yananuka mvua. Babu Bura kiti cha mbele, baba pembeni yake, kofia kichwani, taa zinawaka. Picha ilikuwa safi. Kona juu, kaburi chini. Hata Emanueli aliinama mbele kuangalia. Ndipo Babu Bura akasema tuanze kwa sala. Sawa. Baba akavua kofia. Wote walivua. Nani anasali na kofia? Akaiweka gotini, imeangalia mbele vilevile.

Picha ikashuka na kofia. Kompyuta haijui goti, inajua taa. Ikaamini jicho la baba liko gotini, ikachora mlima wa jicho la gotini. Vya mbali vikazama, vya karibu vikabaki. Kona ya korongo ikashuka taratibu nyuma ya boma, hadi boma na kaburi vikawa juu, vikavu, vizuri, ndivyo hasa unavyoviona ukisimama uwanjani kwetu.

Amina. Nikangoja avae. Hakuvaa. Babu Bura alikuwa ameanza kusema, na baba havai kofia mbele ya baba yake mdogo akisema. Najua hilo tangu nina meno ya utoto. Nilipima shuka, nilipima korongo, nilipima uso wa baba. Hilo sikulipima.

Nilikuwa hatua nne kutoka kwake. Ningesema tu, Baba, vaa. Mbele ya wazee kumi na mmoja, mimi binti, nimwamuru baba avae kofia mbele ya Babu Bura? Nikajiambia nitaeleza mwishoni. Ulikuwa woga. Sina jina jingine la kuupa.

Babu Bura aliangalia shuka kwa makini, yule mzee si mtu wa haraka. Akasema boma liko juu, hata mashine ya mtoto wetu inaonyesha, marehemu asisumbuliwe. Wazee wakaguna kukubali. Baba akaangalia kwa jicho lake moja. Akasema polepole, hata mimi leo naona hivyo.

Alifurahi. Nimeona uso wake. Hakutaka kamwe kumfukua mama, na leo nimemwambia asimfukue.

Nilipoanza kueleza habari ya kofia walikuwa wanatoka kuwahi mvua. Emanueli akacheka kwa sauti.

Jumapili, 8 Machi

Nilienda kwa Babu Bura asubuhi. Shikamoo, marahaba, kiti, chai. Nikaeleza yote: kofia, goti, taa. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, jana kitambaa kilisema, leo unasema wewe, kesho atasema nani?

Ukoo umeshaamua na neno halirudiwi hadi yeye mwenyewe aite kikao.

Baba naye hataki kusikia. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Emanueli ameanza kuchimba msingi.

Alhamisi, 19 Machi

Mvua. Mvua. Nimefundisha, sikumbuki nilifundisha nini.

Jumamosi, 28 Machi

Nimeenda na gumbuti, nimerudi bila kisigino kimoja. Korongo limekula hatua nane ndani ya wiki mbili. Zimebaki kumi na nane. Nimezihesabu mara tatu, nikitarajia nimekosea.

Nimemkuta Veronika anafunga vitu kimyakimya. Mwanamke ana akili kuliko sisi wote. Ameniambia, wifi, mimi sihitaji picha, nasikia udongo unaanguka nikiwa jikoni. Amekuja na watoto wawili kwenye chumba changu hapa shuleni. Tunalala wanne kwenye godoro moja. Emanueli amekasirika, kisha naye akapeleka ng'ombe wake kwa jirani wa juu.

Baba amebaki. Nilimpigia magoti. Kweli, kwenye tope. Akaniinua, akanifuta, akasema hawezi kumwacha mama peke yake na mvua hii.

Nimeiwasha picha jioni, nikavaa kofia yangu mwenyewe. Imenyooka kabisa. Nikatukana. Nikazima.

Jumapili ya Matawi, 5 Aprili

Baba mzima. Niandike hilo kabla ya jingine. Emanueli mzima. Wote wazima.

Ilikuwa jana saa kumi alasiri. Emanueli anasema hapakuwa na kishindo, ni kama mtu anapumua kwa nguvu. Kona ilifunguka na maji yakachukua njia iliyonyooka. Kaburi la mama limekwenda. Msingi mpya umekwenda. Ukuta wa nyuma wa boma umekwenda, na kitanda cha baba kimebaki kinaonekana kutoka nje. Baba alikuwa zizini anafungua ndama, ndiyo pona yake.

Leo watu wameacha matawi kanisani wakaja na majembe. Tumefuata korongo hadi barabarani, wanaume chini, wanawake juu kwenye kingo. Umepatikana msalaba, vipande viwili. Mama hajapatikana. Udongo ni mwingi kuliko watu.

Baba ametembea na fimbo tangu alfajiri. Anasimama, anayumbisha kichwa kushoto, kulia, anaangalia chini. Anasogea. Anayumbisha tena. Hakuna aliyethubutu kumwambia apumzike.

Nina hasira ambayo sina pa kuitupa. Maji yalipita palepale nilipochora. Sikukosea hata hatua. Ningekuwa nimekosea ningelala.

Jumanne, 14 Aprili

Pasaka imepita, sikuila. Baba yuko kwa Mwalimu Sulle. Anakaa barazani, haombi kitu.

Babu Bura alikuja shuleni. Kwa miguu, na ule umri. Nilimpa kiti maabara, akalitazama shuka lililokunjwa. Akaniuliza kama picha ilikuwa inasema kweli siku ile.

Nikamwambia ilisema kweli kwa kofia. Kofia ilikuwa gotini. Na mimi niliona tangu sala, nikanyamaza.

Sikuwa nimemwambia mtu hilo la kunyamaza. Hata Sulle.

Ungesema, akasema.

Ningesema mngenisikia, babu?

Hakunidanganya. Hapana, akasema. Lakini ungesema.

Kisha akaaga. Nimebaki nimekaa hadi jenereta ikaisha mafuta.

Jumapili, 19 Aprili

Mvua imepungua. Hanang imejifunua tangu asubuhi, ina michirizi ya udongo mwekundu.

Baba alikuja baada ya misa, peke yake. Aliomba maji, akanywa. Akauliza kama ile picha bado ninayo. Nikasema ninayo. Akauliza kama nimeibadilisha. Nikasema hapana, iko vilevile kama tulivyopima Februari.

Basi niwekee, akasema.

Nikatundika shuka, nikawasha jenereta. Taa moja ya kofia yake ilikuwa imelegea, nikaikaza. Akakaa kiti kilekile. Boma likatokea likiwa na kuta zote. Nyuma yake kile kisanduku cheupe cha kaburi nilichokichora kwa haraka, bila hata msalaba, kwa sababu wakati ule nilikuwa nawaza korongo tu. Akayumbisha kichwa, akakiona upande huu, akakiona upande ule.

Halafu akavua kofia. Bila kufikiri, anavyovua siku zote akifika kaburini. Akaiweka gotini na kufumba jicho, midomo inatembea.

Picha ikaanza kushuka.

Nilisogea. Nikaichukua kofia gotini kwake taratibu, nikaishika kwa mikono miwili juu ya kichwa chake bila kumgusa, ukingo sentimita tisa juu ya jicho la kushoto. Kaburi likarudi mahali pake. Alipofumbua jicho alilikuta pale.

Alikaa sana. Mikono iliniuma, nikaegemeza kiwiko kwenye kiti, sikuishusha.

Amelala sasa kwenye godoro langu. Veronika amepika uji. Kesho nina Kidato cha Pili asubuhi.